Gumba Lililotaka Kunivunjia Harusi

Siku ya nikaha yangu, mwanangu, mimi naikumbuka kwa kidole gumba. Wenzangu hukumbuka nguo, pilau, na nani alikuja bila kualikwa. Mimi nakumbuka gumba la mkono wa kulia, na hata leo nikisimulia hujikuta nimejishika kifundo cha mkono.

Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa Timbwani. Nilikuwa dobi. Kanzu na mashuka ya mtaa mzima yalipita mikononi mwangu, na sifa yangu kubwa ilikuwa kukamua. Shuka la kitanda kikubwa nililikamua peke yangu, nikalisokota mpaka lisitoe tone. Mtu akitaka kunishikia upande wa pili naona kanitukana.

Ramadhani ile watu walinimiminia kanzu za Idd, na harusi yangu ilikuwa wiki moja baada ya Idd. Hapo ndipo maumivu yalipoanza, upande wa gumba, juu kidogo ya kifundo. Nikishika ndoo, linauma. Nikifunga kifungo, linauma. Nikinyanyua pasi ya makaa, machozi. Mama akaniona nakula wali kwa kijiko, akaniuliza kulikoni, nikamwambia najifunza ustaarabu. Kwa siri nikaenda kwa bibi mmoja mkandaji, akalivuta gumba langu kama kwamba halina mwenyewe. Nikarudi naumwa maradufu, na bado nikanyamaza. Niliona haya. Mishi, mchumba wangu, nilimpenda wallahi, nikaogopa baba yake asije akasema binti yake anaolewa na mgonjwa.

Na huyo baba yake, Mzee Bakari, alikuwa amebeba magunia bandarini miaka mingi. Akikushika mkono, umeshikwa.

Nikaha ilifungwa kwao, wanaume uani chini ya turubai, wanawake ndani. Kwetu, kama ujuavyo, baba humshika mkwewe mkono wa kulia, akamuozesha, na mkwe hujibu papo hapo kuwa amekubali. Jibu halitakiwi kuchelewa. Basi Mzee Bakari akanishika, akaanza vizuri. Alipofika kwenye jina la bintiye, mapenzi ya mzazi yakampanda, akaliminya gumba na kulitikisa.

"Sitaki!" nikapiga ukelele. "Niwache!"

Dirishani kulikuwa na shangazi mmoja aliyepewa kazi ya kuanzisha vigelegele. Yeye alisikia sauti tu, maneno hakuyapata, akaachia kigelegele kikafika katikati, kisha akakikata alipoona nyuso za wanaume. Habari ikaingia ndani kwamba bwana harusi kakataa. Nikasikia mtu analia, na sauti nikaijua. Mzee Bakari alikuwa bado kanishika, macho yamemwiva, ananiuliza mwanawe ana kasoro gani.

Nikasema ni kidole. Hakuna aliyeniamini, na ningekuwa wao nisingejiamini. Aliyeniokoa ni jirani yetu Bwana Chengo, aliyekuwa akifunga watu vidonda kwenye zahanati, na ambaye mpaka hapo alikuwa anangojea sinia lake la pilau. Akaja, akamwomba mzee aniachie, akanigeukia.

"Kunja gumba ndani, lifunike kwa vidole. Sasa inamisha ngumi upande wa kidole cha mwisho."

Nikainamisha. Niliruka, kofia yangu ikamwangukia mwalimu aliyekuja kutufungisha.

"Huyu hakukataa mke," Chengo akawaambia. "Anaumwa na kano."

Akatueleza taratibu. Kano ni zile kamba za mwilini zinazovuta gumba, na pale kifundoni hupita ndani ya ala nyembamba, kama kisu kwenye ala yake. Ukikamua nguo kutwa nzima, ala huvimba, kano zikabanwa, na kila gumba likisogea zinasuguana. Mwalimu naye akasema kushikana mikono ni desturi tu, nikaha ni maneno. Tukarudia, Mzee Bakari mikono yake kaikalia. Kwa woga nikajibu kabla hajamaliza, nikaambiwa nirudie tena.

Chengo akanifunga banzi, kibao chembamba cha kulizuia lisisogee, kutoka kwenye gumba mpaka juu ya kifundo. Akaniambia niweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa mara kadhaa kwa siku, na akanikataza kukamua kwa wiki sita. Kama halitulii, alisema, niende hospitali, kuna sindano, na wachache hupasuliwa kidogo ala ikafunguliwa. Siku saba za fungate Mishi alinilisha kwa mkono wake, na kila tonge sharti niseme kwanza nimekubali. Nilikubali mpaka mchicha, ambao siupendi. Sindano sikuihitaji. Niliporudi kazini, shuka nilimwita mtu tukakamua wawili.

Lakini siku ya mwisho ya fungate Mishi aliniambia jambo. Katika zile dakika chache alikuwa ameanza kuyavua asumini kichwani, moja moja, akiwaza atatokea mlango gani ili watu wasimwone. Alinihadithia akicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimeficha maumivu yangu mwezi mzima nisiaibike, na aibu nikamtwisha yeye.

Basi mwanangu, gumba likikuuma hivyo, usijikaze na usikubali livutwe. Lipumzishe, lifunge, na ukiona siku zinapita bila nafuu mwone mganga wa hospitali mapema. Ukiwa na mtoto mchanga, mnyanyue kwa viganja, usimning'inize kwa magumba. Kazi ya kukamua tafuta mwenzio. Na anayekupenda mwambie panapokuuma mkiwa wawili, asije akalijua jambo hilo mbele za watu.

Mwenyezi Mungu akulindie mikono yako, na akupe nyumba ambayo ukisema unaumwa, hukosi wa kukuuliza ni wapi. Amina.