Siku Nilipomfokea Mama Mkwe

Siku ya kwanza kazini, kwenye kambi ya mapumziko huko Louisville, nilipewa buti, pimamaji kama ile ya mafundi seremala, na amri ya kulala kwenye matope. Mimi, shemasi mwenye suti mbili! Nikalala chali chini ya trela, nyumba ya kuvutwa na gari, nikachungulia magurudumu, nikasema moyoni: Bwana wee, watu wa kanisa wasipite hapa.

Ninyi vijana mnadhani kusawazisha trela ni kubonyeza kitufe. Zile zetu zilikuwa na ekseli mbili, yaani kila upande magurudumu mawili yaliyofuatana. Upande mmoja ukiwa chini, unapanga mbao mbele ya magurudumu yote mawili ya upande huo, gari linavuta mpaka yapande. Ukiinua moja tu, hilo moja linabeba mzigo wa mawili. Kisha unabana kabari kwenye magurudumu yasibiringike. Hapo ndipo unaifungua trela kutoka kwenye gari, halafu unasawazisha mbele na nyuma kwa jeki ya mbele. Msimamizi wa viwanja, mzee mtafuna tumbaku, alikuwa na neno lake: "Kabla ya kabari, hakuna mtu ndani. Hata mwenye kampuni, atoke."

Tukahamia Columbus, maana wazazi wa mke wangu walikuwa wameletwa kule kutoka Kongo. Kule meneja alikuwa mama mmoja mkali kweli. Juma la kwanza nikazungusha ile miguu midogo ya pembeni nikidhani inainua trela. Mmoja ukapinda.

"Hiyo ni ya kuituliza isitikisike, siyo ya kubeba!" akapiga kelele mbele ya wageni. "Nani alikufundisha?"

Nikajibu, "Louisville." Yule mzee wa watu hakunifundisha upuuzi ule, lakini nilimtia aibu naye.

Wakwe zangu hawakujua nafanya kazi gani. Mke wangu aliwaambia niko kwenye mambo ya hoteli, na mimi nikanyamaza. Donc, miaka ikapita, tukahamia Buffalo, nyumba ya mbao kule West Side yenye bafu moja tu. Kumbukeni hilo bafu. Kwetu Kongo, milima ya juu ya Uvira, mwanaume hamgusi mama mkwe wake, hamkodolei macho, na mama naye hamtaji mkwe kwa jina. Mimi na yeye tulikuwa tukisalimiana kupitia mlango. Sasa wakwe wakaja kutoka Columbus kwa sherehe ya baraka ya mtoto wetu wa mwisho. Mama aoge ninapooga mimi? Haiwezekani. Baba mkwe akakodi trela yenye bafu lake, akaivuta mpaka kwenye kambi ya mapumziko nje ya mji. Kambi yenyewe ndiyo niliyokuwa nafanyia kazi. Bon, nikasema, leo wataiona hoteli yangu.

Kiwanja chao kilikuwa na mteremko kuelekea mtaroni. Nilipiga magoti nikapanga mbao, baba akavuta, magurudumu yakapanda vizuri. Mama alikuwa amekaa garini. Nikaenda kuchukua kabari kwenye mkokoteni. Huku nyuma mama akaingia ndani ya trela kubadili nguo, na baba, kwa kunihurumia nisipige magoti tena, akaifungua trela mwenyewe.

Niliporudi, gurudumu la nyuma lilikuwa linashuka kwenye ubao, polepole, na pazia la chumba lilikuwa linacheza. Mke wangu angemwita, lakini alikuwa nyumbani anapika. Baba alikuwa upande wa pili, na masikio yake ni mazito.

Nikapiga kelele: "Toka! Wewe mama, toka nje! Toka!"

Sauti ya kufukuzia mbwa. Mlango ukafunguka. Alisimama na shimizi tupu, kichwa wazi, anatafuta kitenge.

"Ngoja nivae..."

Ningengojaje? Nikamshika mkono, nikamvuta, akaniangukia kifuani. Trela ikaserereka ikaingia mtaroni, ikalala ubavu, vyombo vikapasuka ndani.

Nilivua koti nikampa nimegeukia pembeni. Baba akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Wazungu wa viwanja vya jirani wakapiga makofi. Makofi! Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke inimeze.

Wakaenda kulala kwa jamaa yetu, kule Kenmore. Siku ya baraka sikuthubutu kuingia sebuleni. Nilijificha jikoni na sufuria, na kila nilipomuuliza mke wangu alijibu vilevile: "Mama hajasema kitu." Aliuliza na yeye, macho yamemjaa machozi: "Asiporudi tena hapa, nitafanya nini?" Jambo kama lile kwetu linaweza kutenganisha nyumba mbili, na sauti iliyomfokea mama ilikuwa yangu.

Asubuhi ya kuondoka kwao, mama akapita kwetu, akaingia jikoni nilimokuwa. Hajawahi. Nikageukia ukuta.

"Uliniona," alisema. "Mukwe hawezi kuona vile. Basi, hauko tena mukwe. Uko mutoto yangu." Akapakua ugali. "Sadiki, kuya kula."

Jina langu, kinywani mwake! Nilipokea sahani nikala nimeinamisha kichwa, na sikumbuki mboga ilikuwa nini.

Sasa nimestaafu, magoti yamekwisha. Kanisani wanaisimulia habari ile kama ushujaa, na wakianza tu natoka nje nikijifanya napokea simu. Mkiniuliza kama nilifanya sawa, nilifanya sawa, na ningefanya vilevile kesho. Aibu haijaondoka kwa sababu hiyo. Kila Jumapili mama anapiga simu kutoka Columbus, ananiita Sadiki, ananiuliza kama nimekula. Namjibu, "Ndiyo, mama," nikiwa nimegeukia ukuta.