Shata za Bi Traudel

Sipendi mtu anayeniambia Wajerumani hawajuliani hali. Anayesema hivyo hajakaa mtaani kwetu, hapa Herne. Mimi nimeolewa hapa, nimezaa hapa, nimezeeka hapa, na nakwambia mtaa huu wa wachimba makaa watu walijuliana hali kwa madirisha. Kila dirisha lina shata yake kwa nje, vibao vimeshikana. Ukivuta mkanda ulio ukutani vinapanda na kujikunja ndani ya sanduku juu ya dirisha, ukiulegeza vinashuka. Shata ikiwa chini mchana, ujue mwenye nyumba katoka zamu ya usiku, kalala, na ole wake mtoto atakayepiga mpira hapo. Lakini shata ikiwa chini asubuhi kwa mzee anayeishi peke yake, hiyo ni habari nyingine. Hapo jirani anachukua ufunguo aliopewa, anaingia bila hodi.

Bi Waltraud Schibulski, tuliyemwita Bi Traudel, alizaliwa ndani ya nyumba aliyozeekea. Baba yake alichimba makaa, mumewe Alwin alichimba makaa, na yeye mwenyewe alifua nguo za wachimbaji mpaka siku mgodi ulipofungwa. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mume wangu. Mdomo wake je? Mwenzangu, usiombe! Alwin alikufa kwa vumbi la mapafu, baada ya kuhema miaka. Asubuhi iliyofuata sote tulidhani nyumba itakaa imefungwa. Wapi! Shata zilipanda saa ile ile ya kila siku. Nilipokwenda kumpa pole akaniambia, "Kafa Alwin. Mimi bado."

Ng'ambo ya barabara, dirisha likitazama dirisha, anakaa Bi Lisbeth Nowak, shoga yake tangu darasa la kwanza. Wawili hawa walikuwa na mkataba wao. Asubuhi Traudel akishafungua shata ya jikoni, Lisbeth huwa kasimama na kikombe cha kahawa, anampungia mkono, na mwenzake anajibu. Siku shata isipopanda, Lisbeth aje na ufunguo.

"Hata kama niko uchi," Traudel alimwambia mbele yangu.

"Ukiwa uchi ndiyo nitakimbia zaidi," Lisbeth akajibu, "nisije nikaonekana nimekuja kuangalia."

Basi Traudel alipoletewa kile kidude cha kuvaa shingoni, unabonyeza ukianguka watu wa msaada waje, alikirudisha na aliyekileta. "Kengele ya shingoni mnifunge mimi? Mimi mbuzi? Mimi nina Lisbeth."

Sasa msimlaumu Holger upesi. Holger ni mwanawe wa pekee, fundi wa winchi bandarini Bremen, na kumpenda mama yake alimpenda kweli. Aliona bega la mama limeharibika. Shata za nyumba ile ni za mbao, za zamani, nzito; kuzivuta zote kila asubuhi kulimtoa bibi machozi ya maumivu. Akaja na boksi la vifaa. Akang'oa ukutani kile kisanduku cha kukunjia mkanda, na kwenye tundu lile lile akaingiza kijimashine chenye mota. Mkanda wa zamani ukaingia humo, waya ukashuka hadi kwenye soketi karibu na sakafu. Hakubomoa hata tofali moja. Kisha akaziunganisha zote na simu yake, akaziseti zipande saa moja asubuhi na zishuke jioni, zenyewe.

Nilikuwepo. Nilipeleka keki ya zambarau, nikakuta bibi kasimama anatazama shata inavyopanda bila kuguswa.

"Eti inapanda," akasema. "Inapanda kama imetumwa." Halafu akageuka. "Lakini Holger, Lisbeth atajuaje kama nimeamka?"

"Mama, mimi mwenyewe nitaona kwenye simu. Nikiamka tu naangalia, shata zimefunguka, najua mama yuko salama. Zamani ulikuwa na mtu mmoja wa kukuangalia, sasa unao wawili."

Bibi akacheka, akatikisa kichwa. Mimi nami nilicheka. Maneno yalikuwa matamu, na pale jikoni hakuna hata mmoja wetu aliyeyapima.

Lisbeth alimtania wiki nzima: "Siku hizi unafunguliwa madirisha kama malkia! Kesho mashine itakupaka siagi mkate." Alijua vizuri kwamba zinapanda zenyewe. Alijua! Lakini kujua kwa akili ni kitu kimoja, na macho yaliyozoea miaka hamsini ni kitu kingine. Akiona shata iko juu, moyo wake ulitulia, akaenda zake kumwagilia maua. Siku Traudel asipotokea dirishani, alisema yuko bafuni, au kalala zaidi, bega limepona sasa anajidekeza. Mazoea yana taabu.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa kumi na moja, mchana, Bi Traudel alipopanda kigoda kuchukua chupa ya matango ya siki. Kigoda kikateleza. Nyonga ikavunjika pale pale. Simu ilikuwa ukumbini, mlango wa jikoni umefungwa kuzuia baridi, na madirisha yale yana vioo viwili viwili, hata gari la taka likipita husikii. Akajaribu kuita. Hakuna aliyesikia. Akawaza: haidhuru, usiku mmoja tu. Kesho asubuhi shata haitapanda, Lisbeth atakuja.

Haya alituambia mwenyewe. Alilala sakafuni na baridi, akingoja asubuhi kama mtu anayengoja mgeni. Mashine, aliyokuwa ameisahau, ikanguruma. Shata ikaanza kupanda. Alisema alipiga kelele kuiambia "Shuka! Shuka, mpumbavu wewe!" Nayo ikapanda mpaka juu, mwanga ukajaa jikoni, na akajua kwamba dakika ile ile ng'ambo ya barabara Lisbeth kainua mkono anampungia.

Na kweli alimpungia. Bremen nako Holger aliangalia simu akiwa kwenye foleni ya chai kazini, akamwonyesha mwenzake: "Unaona? Mama yangu keshaamka."

Lakini Traudel hakuwa mtu wa kulala akafa kimya. Alijua nini cha kufanya, kazi ilikuwa kufika. Siku nzima ya Jumanne alijikokota kwa viwiko kutoka kwenye kabati hadi chini ya dirisha, chumba ambacho mimi na wewe tunakivuka kwa hatua nne. Alizimia, akazinduka, akaendelea. Jioni shata ikashuka, akapapasa gizani akaupata ule waya. Akauvuta mpaka plagi ikachomoka.

Jumatano shata zote za nyumba zikapanda, isipokuwa ya jikoni.

Lisbeth aliiona. Na hapa ndipo ninapokasirika, na sijui nimkasirikie nani. Zamani asingewaza mara mbili, angekimbia na ndara zake. Lakini sasa aliona nyingine ziko juu, akasema moyoni, "Mashine imeharibika." Akampigia Holger.

"Holger mwanangu, mashine yako ya jikoni imekwama."

"Subiri nione, Shangazi... Ndiyo, ya jikoni haijibu. Ni intaneti tu hiyo, huko kwenu inasumbua. Nyingine zote zimefunguka. Mama nimempigia hapokei, atakuwa kaenda dukani kununua mkate. Jumamosi nakuja nitengeneze."

"Basi sawa."

Akakata simu, akaketi kula. Mkate haukushuka. Alijilazimisha, akanywa kahawa, akautafuna tena. Aliniambia: "Nilikuwa naitazama ile shata, na ilikuwa inanitazama." Mwishowe akasukuma sahani, akachukua ufunguo.

Alimkuta chini ya dirisha, waya umezungushwa kiganjani, midomo imepasuka. Macho yakafunguka. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa ya Traudel yule yule.

"Umekula kwanza, shoga?"

Lisbeth alijilaza sakafuni ubavuni kwake, akamfunika kwa koti lake, akawa anamsugua mikono mpaka gari la wagonjwa likafika. Maskini, hata leo asubuhi hali mkate.

Hospitali walimtengeneza nyonga, ila baridi ya sakafu ilikuwa imeshaingia kifuani. Daktari hakutuficha: kama angeletwa Jumanne, mambo yangekuwa mengine. Holger aliyasikia hayo amesimama ukutani. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alionekana kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Mimi nilikuwa nimepeleka supu. Nilitaka kutoka, bibi akanishika kanga ya begani nisiondoke.

Holger akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe. Kwa nini lakini hukupiga kelele? Mtu angesikia, mtu angepita..."

Bi Traudel akamwekea ule mkono mkubwa kichwani. Hakuwa na hasira hata chembe. Laiti angekuwa nayo, pengine Holger angeweza kuipokea na kulala usingizi.

"Nilipiga, mwanangu. Nilipiga mpaka sauti ikaisha. Lakini nyumba ilikuwa inawaambia watu sijambo."

Akafa Alhamisi ya wiki iliyofuata, mchana, Lisbeth kamshika mkono mmoja na Holger mwingine.