Sisimizi wa Ndoo ya Mama

Jambo lote lilitugharimu vidole viwili vya mguu wa kushoto wa mama. Nimevihesabu mara mbili, havikuongezeka.

Chumba chetu cha kupanga pale Kigongo kilinuka soda ya chungwa na moshi wa samaki. Mama aliwauzia soda abiria waliosubiri kivuko. Nilipokuwa darasa la nne akaanza kukonda, na kwa majirani zetu mtu akikonda walimtangazia UKIMWI bila kumpima. Mama akawawahi, akajifungia. Choo kilikuwa cha wapangaji wote, upande wa pili wa uwanja, naye alikojoa kila mara. Basi akaingiza ndoo chumbani, akaifunika sinia. Dirisha likafungwa. Mdogo wangu Masanja akafundishwa kulia kimya, mimi nikawekwa mlangoni kusema mama amelala. Ili mwili urudi, na kiu ipungue, alikunywa soda za biashara, na uji wenye sukari ya kusimamisha kijiko. Gauni likazidi kumpwaya.

Kisha sisimizi wakapanga foleni hadi kwenye ndoo. "Umemwaga soda, mwizi wewe!" Mama akanichapa kandambili. Sikuwa nimeonja hata tone, lakini ushahidi ulikuwa unatembea.

Mama mdogo alipokuja kutoka Usagara, nikamwamkia, nikamwambia mama amelala. "Mwambie nimelala kweli!" mama akadakia kutoka ndani.

"Aliyelala anatuma salamu?" Mama mdogo akanisukuma, akaingia. Akawatazama sisimizi, akatazama kidonda cha kidole cha mguu kilichogoma kukauka. "Dada, mtoto umemwonea. Hawa wamefuata mkojo wako. Twende ukapime sukari."

Mama akacheka, kisha akalia. Nadhani ni kwa nafuu, maana ugonjwa alioujifungia ulikuwa mwingine. Hospitalini walimtoboa kidole cha mkono. Cha mguu na jirani yake vilikuwa vimeshachelewa, vikakatwa.

Leo daraja limevuka ziwa, hakuna anayesubiri soda. Mama yupo, anajidunga sindano zake na kunigombeza kwa afya njema. Masanja amepanga Nyakato. Amekonda, dumu la maji halimtoki mkononi. Juzi alinijibu kupitia dirisha lililofungwa: "Dada, nimelala." Nikaangalia chini ya mlango: sisimizi walikuwa wanaingia bila kubisha hodi. Nimembembeleza, nimemtisha, nimemwahidi hadi pikipiki. Hakuna mchuuzi wa samaki anayenishinda bei, lakini huyu hashuki. Wewe uliyewahi kumtoa mtu ndani akapime, ulimwambia nini?