Korongo Juu ya Ukuta Wangu

Jumamosi ile sikwenda kwa kupenda ndege. Walimu wenzangu walikuwa wananisema kwamba mie kazi yangu ni kujifungia ndani kusahihisha madaftari, nikaona niwazibe midomo. Tukavaa mabuti, tukaingia kwenye hifadhi ya ardhioevu huku kwetu Bunju, nyuma ya dada mwongozaji aliyening'iniza darubini shingoni.

Kupendeza kulipendeza, sitasema uongo. Yangeyange weupe kila upande, minandi wamekaa kwenye vijiti wameanika mabawa. Mwalimu wa Jiografia alipiga picha mpaka akajikwaa. Mie nilikuwa na furaha yangu nyingine. Mama alikuwa anahama Singida aje kuishi nami, na nyumba niliyokuwa namjengea ilikuwa imefika usawa wa lenta, juu tu ya madirisha.

Kiwanja nilikinunua kiangazi, ardhi imekauka mpaka imepasuka. Pembeni kulikuwa na matete, yale yanayopenda maji. Nikamuuliza dalali, akanijibu, "Mwalimu, hayo yana shida gani? Si yanaota popote!" Nikayafyeka kwa mikono yangu. Mwalimu mzima, jamani! Masika ilipoanza, kila nikimpigia fundi ananiambia njia ni tope tupu, nisubiri ikauke. Nikasubiri.

"Tazama kule, mwalimu," mwongozaji akasema, akinipa darubini. "Korongo, juu ya ule ukuta."

Nikatazama. Ndege mkubwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya tofali, maji yamefika madirishani. Juu ya maji, maandishi mekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Herufi mbili za mwisho zilikuwa za bluu.

Yesu wangu! Rangi nyekundu iliniishia pale pale, nikamalizia na bluu ya jirani. Niliandika mwenyewe, kama wanavyoandika watu mji huu mzima, ili matapeli wasije wakakiuza. Kumbe nawafungia mlango, na wao walishapita zamani.

Tulikuwa tumetokea upande wa pili, ndiyo maana sikupatambua.

"Kila kiangazi kuna watu wanauziwa humu," mwongozaji alikuwa anaeleza. "Maji yakirudi ndiyo wanashtuka. Hii yote ni hifadhi, nyumba zote zitavunjwa."

"Hakiuzwi!" Mwalimu wa Jiografia akaangua kicheko. "Sasa anamkataza nani, kambare?"

Wakacheka wote. Nikakaa chini kwenye tope na suruali yangu safi.

"Changu hicho," nikasema.

Mwalimu wa Jiografia akaja akachuchumaa karibu yangu, akawa anasema samahani, samahani, mpaka nikamwambia anyamaze. Aliyenikera kuliko dalali ni mimi mwenyewe.

Nikampigia mama kumwambia asitoke kwanza. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo.

"Marahaba mwanangu! Mdogo wako nimeshamkabidhi nyumba, mkewe kaingia jana na vyombo vyake. Kuku nimegawa, nimebakiza jogoo na mitetea wawili wa kuja nao. Hapo kwangu kuna nafasi ya banda?"

Korongo bado alikuwa pale pale, anajichokoa manyoya kwenye kona niliyoipanga iwe chumba cha mama.

"Mama," nikasema, "nimekujengea kwenye maji."