Uliza Kwanza Kinachoyapiga

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa kijana, mgeni wa wiki chache katika kambi ya visima vya mafuta jangwani Omani, nimetoka kijijini kwetu Matsangoni na sanduku moja la nguo. Mzee Suleiman, msimamizi wa zamu yetu, alinitia mkononi chupa ya kioo yenye mafuta yaliyotoka ardhini asubuhi ile. Mimi nilidhani mafuta ghafi ni meusi. Haya yalikuwa ya kahawia, mazito kama uji wa wimbi.

"Yatazame tu," akaniambia.

Nikayatazama kidogo, kisha nikaanza kuitikisa chupa kwa nguvu.

"Karisa! Nani kakwambia uyapige?"

"Kwetu, Mzee, tui lisipokorogwa linakatika."

Alicheka hadi akavua miwani. "Basi hapa twataka likatike, mtu wa Mrima wee! Mafuta yaende juu, maji yaende chini. Kwani wapika kuku wa nazi?"

Usishangae Kiswahili chake. Alizaliwa Unguja, ambako sisi wa pwani ya bara huitwa watu wa Mrima, akahamia Omani na wazazi wake, na lugha hii aliisema vizuri kuliko mimi. Wiki hii binti yake amenipigia simu kuniarifu kwamba Mzee amefariki, na amezikwa siku ile ile. Mungu amrehemu. Ndiyo maana nakuandikia.

Shule yangu ilikuwa ndogo, lakini sikuwahi kuona haya kuuliza. Nilimwuliza Mzee, maji yanatoka wapi katika nchi ambayo hata mbuzi anatafuta kivuli? Akanieleza kwamba mafuta hayatoki peke yake. Hukaa ndani ya mawe pamoja na maji, na maji hayo yana chumvi kuliko bahari yetu ya Watamu. Wataalamu husema ni bahari ya zamani sana iliyofunikwa. Niliyawaza maneno hayo kutwa nzima. Nimekwenda mbali na bahari, kumbe nimeikuta nyingine chini ya miguu yangu!

Kazi yetu ilikuwa kuyatenga mafuta na maji hayo. Yalipita kwenye bomba, yakatiwa dawa kidogo ya kuyaachanisha, yakapashwa moto, kisha yakaingia katika tangi kubwa yatulie. Maji yakishuka tunayafungulia kwa chini. Yakianza kutoka na wingu la mafuta, tunafunga. Ni kazi ya kungoja na kutazama, na niliipenda.

Sasa, mwezi ule mafuta yakakataa kukatika. Yalitulia kutwa na bado yakabaki uji. Wenye bomba kubwa la kwenda bandarini wakayakataa, wakisema yana maji. Mkuu wa kambi akatamka wazi kwamba hali ikiendelea atabadilisha watu wa zamu yetu, na wa kwanza kurudishwa kwao ni aliye kwenye majaribio. Aliye kwenye majaribio nilikuwa mimi tu. Mwanangu, kijiji kizima kilikuwa kimeniaga, kanisani wakaniwekea mikono. Ningerudi niwaambie nini, hata mahindi waliyopanda nikiondoka hayajabeba?

Kwa hofu ile nikawa mtu wa dawa. Tuliongeza, yakazidi kuwa mazito. Nikamwendea Mzee nimwombe tuongeze tena.

"Karisa, wewe watafuta dawa tu. Umeuliza kinachoyapiga?"

"Kuyapiga vipi, Mzee?"

"Mafuta na maji hayapendani. Ukiona yameshikana hivi, jua kuna kitu kinayakoroga. Chukua chupa, ulifuate bomba. Kila penye kifaa, chota kabla yake, chota na baada yake."

Nikalifuata bomba juani. Nyuma ya tanuri la kupashia nikasikia mluzi mwembamba, kama wa sufuria iliyofunikwa ikachemka. Ilikuwa vali, imebanwa karibu kufungwa kabisa, na mafuta yote yakijikamua kupita katika upenyo mdogo. Nikachota kabla, nikachota baada, nikakaa kivulini na chupa zangu. Ile ya kabla ikaanza kujigawa mbele ya macho yangu, maji chini, mafuta meusi juu. Ile ya baada ikabaki uji. Nilizikodolea macho kwa furaha ya ajabu, hata nikasahau kwamba nilikuwa naogopa kurudishwa.

Nikakimbia kwa Mzee. Alizishika chupa, akauliza ni vali ipi. Nilipomwambia, akakaa chini polepole.

"Ile niliibana mimi," akasema. "Pampu ilipokuwa ikitengenezwa. Nikasahau kuifungua."

Hakukuwa na mtu mwingine pale. Nikamwambia, "Basi tuifungue tu, Mzee, tunyamaze. Nani atajua?"

"Wewe wajua, na mimi najua. Tushakuwa wengi."

"Lakini watakutoa."

"Nikinyamaza watakutoa wewe. Haya, nyanyuka kaifungue. Mimi nakwenda ofisini."

Kesho yake mafuta yalikatika vizuri. Mimi nilibaki. Yeye aliondolewa kwenye matangi, akapelekwa ghalani kugawa glavu na boliti mpaka alipostaafu. Kila nilipopita pale nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Naye akajibu, "Marahaba, mpishi! Tui limekatika?" Tukacheka wote wawili.

Kazi ile ndiyo iliyokulea wewe na kaka yako. Na asante sikumpa kamwe. Nilidhani kumshukuru ni kumkumbusha alichopoteza.

Tangu simu ile silali sawasawa. Mama yako ananichemshia tangawizi, kaka yako ameniletea vidonge kutoka duka la dawa kule Bofa. Nimewashukuru. Lakini nikajiuliza kinachonipiga ni nini, nikaona si kifo chenyewe, maana Mzee alikuwa ameshiba umri na amefia kwake. Ni ile asante. Basi jana nikampigia binti yake nikamweleza yote. Hakuwa na habari. Miaka yote alijua baba yake ni mtu wa ghala tu. Akasema, "Mjomba, hebu nieleze tena, tangu mwanzo."

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Jambo likikataa kutulia, liwe la kazi au la nyumbani, usikimbilie dawa. Lifuate mpaka uone linapigwa wapi, na uulize bila haya. Ukikuta ni mkono wako, sema, hasa kama kunyamaza kwako kutamponza mwingine. Na mtu akikubebea mzigo, mshukuru angali anakusikia.

Mungu akupe macho ya kutazama na subira ya kungoja. Akukutanishe ugenini na watu wa kweli, na siku watu hao watakapokuhitaji, wakukute nawe u mtu wa kweli. Amina.