Ini Langu Halikuwa na Kosa

Uvumilivu wangu uliisha pale daktari wa zahanati alipoitupia jicho karatasi ya majibu niliyotoka nayo hospitali kubwa, akarudi kwenye simu yake, akasema, "Hiki kipimo ni cha wanariadha. Wewe ni mama wa nyumbani, una misuli gani ya kuharibika?"

Nikamwambia abebe ndoo ya maji apande nayo mpaka kwetu, kule juu kwenye mawe ya Mkuyuni, halafu aniulize tena habari ya misuli. Mlango ulikuwa wazi. Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka.

Yote yalianzia kwenye mchakamchaka. Mtoto alipoanza kukaza shingo nilijiunga na kikundi cha akina mama wa mtaani. Jumapili asubuhi tunakimbia tukiimba mpaka ziwani na kurudi. Sheria ni moja: ukichelewa, unaruka kichura. Kiongozi wetu alipita jeshini zamani na jeshi halijamtoka mpaka leo. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nanyonyesha, nikamweleza hivyo.

"Hata adui ana mtoto," akasema.

Adui gani huyo wa kutokea ziwani Jumapili, sijui. Nikachuchumaa, nikashika masikio, nikaruka kutoka kwenye maji mpaka barabarani na kurudi, wenzangu wakinizomea. "Shuka chini, mama. Hicho siyo kichura, huyo ni bata."

Kesho yake mapaja yalivimba, chooni nikawa nachuchumaa kwa kushika ukuta. Siku iliyofuata mkojo ukatoka rangi ya strungi, chai isiyotiwa maziwa. Mume wangu yuko visiwani kwenye dagaa, kwa hiyo aliyenipeleka zahanati ni mama yake, aliyekuja kutoka kijijini kunisaidia mtoto.

Daktari akachukua damu na mkojo. Hakuniuliza nimefanya nini. Nilimwambia mwenyewe kwamba nimeruka kichura, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Majibu yalipotoka akasema kimeng'enya kinachoitwa AST kimepanda, ini limeharibika.

"Unakunywa pombe gani?"

"Sinywi."

"Wote mnasema hivyo."

Kisha akamgeukia mama mkwe, mimi nimekaa pale kama mbuzi aliyeletwa kwa bwana mifugo. "Mama, huyu asinyonyeshe. Maziwa yake yana sumu."

Basi. Mtoto akahamia chumba cha mama mkwe, akawa analishwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mimi upande wa pili wa ukuta gauni limelowa kifuani, nakamua na kumwaga uani.

"Mama, naomba nimnyonyeshe hata mara moja."

"Mkwe wangu, daktari amesema. Unataka tumzike?"

Simlaumu. Yeye aliogopa. Aliyemtisha ndiye aliyesomea.

Nilipanda bodaboda peke yangu mpaka hospitali kubwa mjini. Daktari wa kule, mwanamke, swali lake la kwanza lilikuwa kama nimefanya kazi nzito siku hizo. Akanibonyeza paja, nikaruka kitandani. Akaagiza vipimo vya figo na kingine kinachoitwa CK. Hiyo CK ilikuwa imepanda kupita kiwango mara nyingi sana. Akanieleza taratibu: msuli ukichanika kwa kazi ya ghafla humwaga vitu vyake kwenye damu. CK kwa sehemu kubwa ni mali ya misuli. AST imo kwenye ini na imo kwenye misuli pia, kwa hiyo anayeisoma peke yake bila kumuuliza mgonjwa anaweza kulisingizia ini. Na ile rangi ya mkojo ilikuwa protini ya misuli, ambayo ikizidi inaziba figo. Ningekaa nyumbani nikisubiri ini lipone, huenda figo ndizo zingekufa. Nikawekewa dripu mpaka mkojo ukawa mweupe. Figo zilikuwa salama.

"Na kunyonyesha?" nikauliza.

"Nani alikukataza? Nenda ukanyonyeshe."

Nikarudi nyumbani na karatasi. Mama mkwe akaishika, akanirudishia. "Huyo ni mwingine. Aliyesema sumu ni yule. Mpaka aseme yeye mwenyewe."

Ndiyo maana nilirudi kwa yule bwana, sikwenda kutafuta ugomvi. Nilitaka sentensi moja tu kutoka kinywani mwake, akanipa habari za wanariadha. Nilipotoka chumbani kwake niliomba karatasi mapokezi, nikaandika palepale kaunta, nikampa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, mkononi na kusubiri agonge muhuri:

"Nalalamika dhidi ya daktari wako. Nilimwambia nimeruka kichura, hakusikiliza. Alisoma AST akaniita mlevi. Hakupima CK wala figo, wala hakunipa rufaa. Alimwambia mama mkwe wangu kwamba maziwa yangu ni sumu, na mtoto wangu akaachishwa ziwa bila sababu. Majibu ya hospitali nimeyaambatanisha. Nimemletea, ameyatupia jicho akayapuuza. Sihitaji kuombwa radhi. Nataka amwite mama mkwe wangu kwenye chumba kilekile, amwambie kwa mdomo wake kwamba alikosea na mtoto anyonye. Nataka afanye hivyo leo. Msiniitie kikao, maziwa yangu yanakauka."