Karatasi Iliyobaki Nyeupe

Mwanangu, wewe unayekwenda kuanza kazi ya maabara, kaa kidogo. Zipo siku ambazo mtu huzisahau bila kutaka, na ipo moja yangu ambayo mpaka leo imekataa kusahaulika. Nilikuwa msichana, kule Mocímboa, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, najifunza kazi hiyohiyo unayoiendea. Sasa naishi Palma. Vita vilitutoa kule, na sijui kama kile chumba chetu bado kina paa. Lakini nikifumba macho nasikia harufu yake: spiriti, sabuni ya kipande, na kile chakula cha bakteria tulichokipika sufuriani kama tunaandaa harusi. Nilikipenda chumba kile, walahi. Wasichana wenzangu walikuwa wakiota waume, mimi naota darubini, na shangazi zangu walikuwa wameshakata tamaa.

Mkubwa wetu pale alikuwa Tomasi, tuliyemwita Mestre, yaani fundi mkuu, Mmakonde wa Diaca huko bara, mtu mrefu, mpole, asiyejua kukimbia hata mvua ikimkuta njiani. Alipenda kunitania. "Ninyi watu wa pwani," alisema, "samaki hajaiva mmeshanawa mikono." Nami nilimjibu kwamba kwao bara samaki hufika ameoza, ndiyo maana wamejifunza kusubiri. Tulicheka, kazi ikaendelea.

Mama yangu, Bi Muanaisha, aliuza maji ya kunywa sokoni. Aliyateka kisimani kwetu uani, akayatia kwenye mtungi, akayafunika kwa kawa, na watu walisema hakuna maji baridi kama yale soko zima. Msimu ule wa mvua watu wakaanza kuharisha, mmoja leo, wawili kesho, na maneno yakaanza kuzunguka: wote walikunywa kwa Bi Muanaisha. Mama alikasirika sana. Akanijazia chupa, akanipa. "Chukua, kayapimeni huko laboratório kwenu, wapate kunyamaza."

Nikayapeleka. Tukayapanda kwenye sahani yenye kile chakula cha bakteria, na kesho yake vikaota vidoa vyao. Sasa nikueleze jambo moja, maana utalikuta. Kuna bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho oksidesi, na kuna wasiokuwa nacho. Wa kipindupindu anacho. Wale wa kawaida wanaokaa tumboni mwa kila mtu, wengi wao hawana. Ukichota kidoa kwa kijiti cha mti, usitumie waya wa chuma maana chuma chenyewe hudanganya, ukakipaka kwenye karatasi yenye dawa, mwenye oksidesi huigeuza karatasi zambarau. Asiyekuwa nayo huiacha ilivyo. Na jibu husomwa upesi: Mestre alihesabu kwa Kireno mpaka dez, kumi, mimi nilisoma Bismillahi mara tatu polepole, tukawa tunafika pamoja. Baada ya hapo usiangalie tena, kwa sababu karatasi ikiachwa sana hugeuka yenyewe kwa hewa tu.

Nikatoa karatasi kwenye chupa yake. Tulikuwa tunazilowesha dawa na kuzikausha wenyewe, tukaziweka akiba. Nikapaka kidoa cha maji ya mama. Bismillahi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karatasi nyeupe! Mwanangu, machozi yalinitoka. Niliona uso wa mama, niliona wale wasengenyaji wakiinamisha vichwa. Nikavua koti, nikashika mlango.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mestre.

"Sokoni. Nyeupe, Mestre! Si kipindupindu."

Hakuitazama karatasi yangu. Alitazama ile chupa ya akiba, akaigeuza kwenye mwanga. Zile karatasi zilikuwa zimepata unyevu, zimeingia ukungu wa kijivu pembeni. Mimi niliuona ukungu ule asubuhi, nikaupita.

"Umezijaribu leo?"

Ilikuwa desturi yetu kila siku kabla ya yote: karatasi moja kwa bakteria tunayemjua kwamba hugeuza, nyingine kwa tunayemjua kwamba hageuzi. Ndipo upime kidoa cha mgonjwa. Siku ile sikuzijaribu.

"Angekuwa mgonjwa wa watu, ungezijaribu kwanza?"

"Ndiyo, Mestre."

"Basi mama yako umemnyima kile unachowapa wageni."

Hakupandisha sauti. Angenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko vile. Akachukua yule bakteria wetu wa kila siku, ambaye huigeuza karatasi kabla hujapumua, akampaka kwenye karatasi nyingine ya chupa ileile. Ikabaki nyeupe. Dawa ilikuwa imekufa. Karatasi ile ungeipaka chochote, ingekujibu vilevile.

Akatoa unga wa dawa kwenye friji, akauchanganya upya. Anayegeuza akageuza, asiyegeuza akaacha. Kisha akanipa kijiti mimi. "Paka mwenyewe." Nikapaka kidoa cha maji ya mama, na sikuimaliza hata Bismillahi ya pili. Zambarau, mwanangu, zambarau ya kukolea.

Nikaanza kulia. Mestre akanivutia kiti. "Calma, menina, tulia binti. Hii haijasema ni kipindupindu. Wako wengine pia wenye oksidesi. Vipimo vingine vitafuata, na sahani itakwenda maabara kubwa ya mkoa wetu, mjini Pemba. Lakini kisima kina shaka, na maji yenye shaka hayanywewi. Nenda kamwambie mama yako. Usimtume mtu."

Nilitembea mpaka sokoni nikiomba nisimkute. Nikamkuta, na mbele yake amesimama mwanamke na mtoto, mtoto ameshashika kikombe. Mama aliponiona akatabasamu, akaita kwa sauti ili jirani zake wasikie: "Haya, waambie!"

Nikamsogelea sikioni, nikamwambia. Tabasamu likaondoka.

"Una hakika?"

"Kama ni kipindupindu, sina hakika bado, mama. Kwamba yasinywewe, hilo nina hakika."

Akanyoosha mkono, akamnyang'anya yule mtoto kikombe, akauinamisha mtungi, maji yote yakamwagika chini mbele za watu. "Maji yangu yana ugonjwa," akasema. "Aliyekunywa na tumbo likamsumbua, aende hospitali. Msingoje. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Jibu la Pemba lilikuja baadaye: ni chenyewe, kipindupindu. Kisima kikatiwa dawa, wagonjwa wakatibiwa, na mtaani kwetu hatukuzika mtu. Usiku nilitaka kumwomba mama radhi kwa aibu niliyompelekea. Akanikatiza. "Ungeniletea jibu la kunifurahisha, ningewaua watoto wa watu kwa mkono huuhuu niliokulishia."

Mama hayupo tena, na Mestre naye katangulia. Mara nyingine nikipita kwenye maabara na kuona vijana wakifungua karatasi mpya za pakiti, safi, nzuri, nawakumbuka wale wawili.

Basi sikia, mwanangu. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Jibu usilolitaka utalirudia hata mara tano bila kuambiwa, kwa sababu hutaki kuliamini. Lile unalolitaka ndilo litakalokupita bila kukaguliwa. Kwa hiyo likija jibu linalokufurahisha, kaa chini. Ijaribu dawa yako kabla hujayapima maji ya mtu, na ukimpima umpendaye, mpime kwa uangalifu uleule unaompa mgeni, kwani huko nako ni kumpenda. Na habari mbaya ya mzazi wako ipeleke mwenyewe, kwa miguu yako.

Nenda sasa. Mola akupe macho yanayoona hata pale moyo unapotaka kufumba, akupe mkubwa wa kazi atakayekuzuia mlangoni, na siku utakayopeleka neno zito kwa mtu wako, akujaalie umkute na moyo kama wa mama yangu. Amin.